Klabu ya wenye ndege za zamani: mlango uko wapi?

Leo ninaleta jambo lililo mbali na sisi kwa kilometa, lakini si mbali kwa akili. Kule Marekani kuko vilabu vya watu wenye ndege ndogo za zamani. Karibu kila aina iko na klabu yake: wenye Cessna 170 wako na yao, wenye Bonanza na yao, wenye Ercoupe na yao. Wanasaidiana kutafuta vipuri, wanafundishana namna ya kutengeneza hiki na kile, halafu wanapanga siku ya kukutana kiwanjani na ndege zao. Ni kazi nzuri. Lakini klabu ya namna hiyo inazeeka pamoja na wanachama wake, na siku moja swali linakuja mezani: tufanye nini ili iamke?

Majibu tunayajua, hata sisi tusio na ndege. Tubadilishe komite. Tutengeneze nembo mpya, kofia na tisheti. Mkutano wa mwaka huu uwe mkubwa kuliko wa mwaka jana, na ndege yenye rangi nzuri ipewe zawadi. Mimi ninasema hivi: hiyo ni kupaka rangi nyumba ambayo mlango wake umefungwa. Na ushahidi wangu ni ndege moja kati ya hizo, Ercoupe, juu ya historia yake inahukumu namna hiyo ya kufikiri.

Ercoupe ilibuniwa na injinia Fred Weick. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1937, na mwaka 1940 ikapata kibali cha serikali. Wakati ule, ndege ndogo ilikuwa inaua wanafunzi wengi kwa kosa moja: rubani anapunguza mwendo sana, anakata kona vibaya, ndege inaanza kuzunguka kama jani huku inaanguka. Weick hakusema, "Wajinga wajifunze zaidi." Alisema kwa vitendo: tubadilishe ndege. Akaunganisha usukani wa mkia na ule wa mabawa, hata pedali za miguu zikaondoka. Unakata kona kwa usukani wa mkono tu, sawa gari. Akaweka gurudumu mbele, chini ya pua. Akazuia pua isiinuke kupita kiasi, na serikali ikakubali kwamba ndege hii haiwezi kuingia katika ule mzunguko.

Baada ya vita, watu waliiona ikiuzwa hata ndani ya Macy's, duka kubwa linalouza nguo na vyombo vya nyumbani. Mwaka 1946 peke yake zilitoka zaidi ya 4,000. Kisha soko likaanguka, na kazi ya kuitengeneza ikahama kutoka kampuni moja hadi nyingine mpaka mwaka 1970. Marubani wengi wa zamani waliicheka: eti ndege bila pedali ni ndege gani? Wengine walionunua wakafunga pedali juu yake.

Sasa sikieni hili. Jessica Cox ni Mmarekani aliyezaliwa bila mikono. Mwaka 2008 alipata leseni ya urubani. Anaendesha kwa miguu: mguu mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye moto wa injini. Alijifunza kwa ndege gani? Ercoupe. Kwa sababu haina pedali, miguu yake ilikuwa huru kufanya kazi ya mikono. Kile ambacho wajuaji waliita upungufu, njo kilimfungulia yeye mlango.

Hapo njo hukumu yangu inaanzia. Ndege iliyotengenezwa ili mtu wa kawaida aingie, leo inalindwa na klabu ambayo jina lake ni la wenye hati ya umiliki. Neno lenyewe linasema: klabu ya *wenye*. Kijana anayependa ndege lakini hana pesa ataitwa kuja kutazama, kupiga picha, kununua tisheti. Atarudi nyumbani. Mwaka kesho hatakuja, na wazee watasema vijana wa leo wanapenda telefone tu. Hapana. Hamkumpa kitu cha kushika.

Mtu ataniuliza: sasa klabu iko na nini cha kutoa zaidi ya ndege za watu? Iko na akili, na akili hiyo ni uhai wa mtu. Nitatoa mifano miwili.

Wa kwanza ni kutua wakati upepo unatoka upande. Kwa ndege nyingine rubani ananyoosha pua kwa pedali kabla ya kugusa chini. Ercoupe ya asili haina pedali, kwa hiyo inagusa chini ikiwa imekaa upande, na magurudumu yake yalitengenezwa ili kuvumilia hivyo. Rubani anaacha usukani ulegee, ndege inajinyoosha yenyewe. Aliyejifunza kwa Cessna ataogopa na kupigana nayo, na hapo njo hatari. Utaisoma kwenye kitabu, ndiyo, lakini mwili unaikubali pale tu ambapo mzee anayejua amekaa kiti cha pembeni.

Wa pili ni kutu. Mabawa ya ndege ya mwaka 1946 yanaweza kung'aa nje na kuoza ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ya Marekani ililazimisha wenye Ercoupe kufungua matundu ya kuchungulia ndani ya mabawa ili kutafuta kutu. Vipuri bado viko: kampuni ya Univair ndiyo iliyobeba kibali cha ndege hii na inatengeneza vipande vyake. Lakini kipuri hakikuambii kutu inapenda kujificha wapi. Anayekuambia ni fundi aliyefungua mabawa ya ndege kumi. Akifa huyo bila mwanafunzi, hatujapoteza tu kumbukumbu. Tumeongeza hatari kwa atakayeruka kesho.

Kwa hiyo, kama ningepewa sauti mbele ya komite, ningeomba pesa ya kofia na zawadi iende mahali pengine. Klabu ipate ndege yake moja. Ercoupe iliyochoka si ghali sawa ndege mpya. Kuko zinazouzwa kwa bei ya gari. Wanachama kumi wakishika pamoja, mzigo unagawanyika: hangari, asiransi, ukaguzi wa kila mwaka. Kijana asiye na ndege aingie kwa saa zake za kazi, si kwa hati. Sheria ya Marekani inamruhusu mtu kufika kwenye mtihani wa ufundi wa ndege, mwili na injini pamoja, baada ya miezi 30 ya kazi ya kweli yenye kuthibitishwa. Klabu yenye mafundi wazee inaweza kumpa kijana sehemu ya hiyo miezi. Hapo anakuwa na sababu ya kurudi Jumamosi ijayo.

Najua watu watajibu kwamba kuko Young Eagles, mpango ulioanzishwa mwaka 1992 na chama cha EAA, ambao umewarusha bure watoto zaidi ya milioni mbili. Ninauheshimu sana. Lakini safari moja ya dakika ishirini inawasha moto tu. Kuni zitatoka wapi? Klabu ndogo njo ingekuwa kuni.

Pingamizi nzito zaidi ni ya yule mwenye ndege: "Nimeitunza miaka thelathini kwa jasho langu, leo nimpe mtoto bisibisi?" Ninamwelewa. Kijana atakosea, atavunja kitu, na anga halisamehe. Njo maana nasema aanze chini, mabawa yakiwa wazi na mzee amesimama nyuma yake. Kumnyima kabisa hakuiokoi ndege. Mzee akiondoka, itabaki nyuma ya hangari, magurudumu bila upepo, mpaka mtu aje kuinunua kwa ajili ya injini tu.

Sisi wenye diploma mkononi tusicheke. Tunajua association zilizo na prezida, katibu na grupu ya WhatsApp ambayo inaamkaka siku ya matanga tu. Nazo wakati wa kufufuliwa zinaanza na tisheti. Kila mara swali ni lile Weick alijiuliza: nani amebaki nje, na ni pedali gani tunaweza kuondoa ili aingie?