Fimbo Ishikwe Mkono wa Pili

Mama akiumwa nyonga ya kulia, mara nyingi fimbo huishika kwa mkono huohuo wa kulia. Anaelemea panapouma, akidhani anapasaidia.

Kila tunapopiga hatua, kuna nukta ambayo mwili wote umesimama kwa mguu mmoja. Kiwiliwili hutaka kulalia upande wa mguu ulio hewani, na misuli ya kando ya nyonga iliyobaki chini ndiyo inayokizuia. Jumlisha mvuto wa misuli hiyo na uzito wenyewe: nyonga hubeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa mwili. Fimbo ikiwa mkono wa kushoto, huushikilia upande unaolala, misuli ya kulia ikapumua.

Kabla ya mazoezi, kwanza tujue kinachouma. Mgonjwa akigusa kinena, shaka huelekea kwenye kiungo chenyewe. Akigusa kando, penye mfupa unaojitokeza, huwa ni kano. Akigusa tako, mgongo nao uchunguzwe. Kwa wagonjwa wa Garissa, Wajir na Mandera naongeza swali moja: unakunywa maziwa ya ngamia au ya mbuzi bila kuchemsha? Bruselosi, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na maziwa mabichi, hupenda kushambulia kiungo kinachounganisha uti wa mgongo na fupanyonga. Ikiwa kuna homa inayokuja na kuondoka na jasho la usiku, damu ipimwe. Dawa zake hutumiwa angalau wiki 6, na hakuna zoezi linaloua bakteria. Mtoto anayechechemea huku ana homa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kuchoma ngozi kwa moto, kama wengi wetu tulivyofanyiwa, hakufiki kwenye ugonjwa. Huacha kidonda tu.

Ikiwa ni kano, dawa ni mzigo unaopandishwa taratibu. Mama alale chali mkekani, magoti ameyakunja, leso imefungwa juu kidogo ya magoti. Asukume magoti nje dhidi ya leso, ahesabu hadi kumi, alegeze. Akizoea, ainue makalio huku miguu imekanyaga chini. Baadaye ainuke kwenye kigoda bila kushika kitu. Maumivu kidogo si neno, mradi asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa. Usiku aweke mto katikati ya magoti, na asikae mkekani miguu yote ameikunjia upande mmoja.

Mwaka 2018 jarida la BMJ lilichapisha jaribio la Australia la watu 204 wenye maumivu haya ya kando. Baada ya wiki 8, asilimia 77 ya waliofundishwa mazoezi na namna ya kuipunguzia kano mzigo waliona nafuu ya wastani au zaidi. Kwa waliodungwa sindano ya steroidi ilikuwa asilimia 58, na kwa walioachwa wasubiri 29.

Kwa anayepoteza siku nzima barabarani kuja Garissa mjini, tiba ya mkeka na leso ni neema. Leo jioni mtazame mzee wako akitoka msikitini. Fimbo ikiwa upande unaouma, mhamishie mkono wa pili.