Sheria Pasipo Askari

Karl Weule, mtaalamu wa mila na desturi kutoka Leipzig, alifika Masasi na Newala mwaka 1906, wakati moto wa Majimaji ulikuwa bado haujapoa. Kitabu chake, kilichotoka mwaka 1908, ni hazina kwa habari za unyago, ufundi na nyimbo. Hata hivyo, kwa mambo ya jinai na hukumu yafaa kisomwe kwa hadhari. Maana msafiri aliyelindwa na askari wa Serikali si shahidi mwema wa jinsi watu walivyoamuana kabla askari hajaja. Ni rahisi, kwa kufuata macho ya wageni wa namna hiyo, kudhani kwamba Wamakonde, kwa kuwa hawakuwa na mfalme, hawakuwa na sheria.

Dhana hiyo haisimami ikipimwa kwa Waingereza wa kale wenyewe. Sheria za Mfalme Æthelberht wa Kent, zilizoandikwa yapata mwaka 600, karibu zote ni orodha ya fidia: jino la mbele shilingi 6, kidole gumba shilingi 20, uhai wa mtu huru shilingi 100. Polisi hawakuwako. Ukoo ndio uliodai na ukoo ndio uliolipa, na fidia isipolipwa kisasi kilikuwa mlangoni. Wanachuoni huuita huo mwanzo wa sheria ya Kiingereza. Basi kwa nini jambo lilo hilo, likionekana Newala, liitwe ukosefu wa sheria?

Juu ya uwanda wa Makonde watu waliishi katika vijiji vidogo vilivyofichwa vichakani, kila eneo likiwa na mkulungwa wake. Ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama, na mjomba ndiye aliyejibu kwa kosa la mpwa wake. Damu ikimwagika, wazee wa koo mbili walikaa kutafuta malipo yatakayozuia damu ya pili.

Wala haifai kuipamba hali hiyo. Katika jamii za kusini fidia iliweza kulipwa kwa mtu, na misafara ilipokuwa ikishuka Lindi, Mikindani au Kilwa, mtu huyo aliweza kupotea moja kwa moja. Kiapo cha mwavi kiliua wasio na hatia. Lakini sheria za Ine, mfalme wa Wessex, za mwishoni mwa karne ya 7, nazo ziliwatia utumwani jamaa wote wa nyumba walioujua wizi wa mkuu wao. Na chuma cha moto kilikuwa mwavi wa Waingereza.

Tofauti kubwa ni mwendo wa mageuzi, na mkono ulioyaleta. Uingereza ilichukua zaidi ya karne tano kuhamisha kosa kutoka mikononi mwa ukoo hadi mikononi mwa mfalme, na mfalme huyo alikuwa wa kwao. Uwandani kazi hiyo ilifanywa kwa muda wa umri wa mtu mmoja. Mwaka 1890 Machemba, mtawala wa Wayao, alimwandikia Wissmann barua kwa Kiswahili akikataa kumtii. Mwaka 1899 alishindwa akakimbilia Msumbiji. Kwa hesabu ya Wadachi alikuwa mwasi. Kwa hesabu ya watu wake alikuwa mwamuzi. Wakafuata maakida, kisha Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930. Mahakama za wenyeji ziliachiwa mashauri madogo, na mwaka 1963 nazo zikaingizwa katika utaratibu mmoja wa nchi huru.

Katika mageuzi hayo aliyesahauliwa ni mwenye kudhulumiwa. Zamani malipo yalimwendea yeye au jamaa zake. Sasa faini ikaingia hazina ya Serikali, na mkosaji akaenda kifungoni. Mfiwa akarudi nyumbani na hukumu, mikono mitupu.

Kwa hiyo kuwalinganisha Wamakonde na Waingereza wa kale si kuwatafutia sifa kwa kuwafananisha na wengine. Ni kuipima kalamu ya mwandishi: je, anatumia mizani moja kwa watu wote? Æthelberht alibahatika kuandikiwa sheria zake kwa lugha ya watu wake. Sheria za mkulungwa zilikaa vifuani mwa wazee, na asiyeziona kitabuni hana haki ya kusema hazikuwako.