Sponji ya Mashine Nzito Haipimwi kwa Kidole

Mnunuzi wa godoro hulibonyeza kwa kiganja, huulizia densiti, kisha hulipa. Kwa godoro njia hiyo si mbaya, maana atakayelilalia ndiye huyo huyo anayelibonyeza. Kosa huanza pale anayefungasha mashine ya kilo 60 anapochagua sponji kwa kuiminya kwa kidole gumba. Kidole hakina uzito wa mashine, wala hakiangukii sponji kwa kasi. Hoja yangu ni kwamba sponji ya kufungashia haiwi nzuri wala mbaya ikiwa peke yake: ubora wake umo katika kupatana kwa vitu vitatu, yaani uzito wa mzigo, eneo la sponji linaloubeba, na unene wake.

Tuanze na unene. Kitu kikianguka kutoka sentimita 60 hufika sakafuni kwa mwendo wa takriban mita 3.4 kwa sekunde, kiwe cha kilo 5 au cha kilo 60. Sponji haizuii anguko; kazi yake ni kuupa mwendo huo nafasi ya kuisha taratibu. Mwendo ukiisha ndani ya milimita 2, mashine hupata mshtuko wa karibu mara 300 ya uzito wake. Ukiisha ndani ya sentimita 3, kwa ukinzani ulio sawa tangu mwanzo hadi mwisho, mshtuko hushuka hadi karibu mara 20. Hakuna sponji yenye ukinzani sawa namna hiyo, na hakuna inayobonyea hadi unene wake wote uishe. Kwa hiyo fundi mzuri huweka unene unaozidi sana zile sentimita 3, na kabla ya kukata chochote huuliza mashine yenyewe inastahimili mshtuko wa kiasi gani.

Eneo ndilo linalowapotosha wengi. Maabara huangusha vyuma vya uzito mbalimbali juu ya kipande cha sponji na kupima mshtuko wa kila anguko. Matokeo yakichorwa, mstari hupinda kama bakuli. Mzigo ukiwa mdogo mno kwa kila sentimita ya mraba, sponji haibonyei, na mashine hugonga kama iliyoangukia ubao. Ukizidi, sponji hulala yote na mashine huigonga sakafu. Pazuri ni katikati, chini ya bakuli. Chukua mashine yetu ya kilo 60 yenye kitako cha sentimita 50 kwa 60. Ukiitandikia sponji kitako kizima, kila sentimita ya mraba hubeba gramu 20. Ukiiweka juu ya vipande vinne vya sentimita 15 kwa 20, kila sentimita hubeba gramu 50. Kwa povu la polietilini la kawaida la kufungashia, mzigo huo wa pili ndio ulio karibu zaidi na chini ya bakuli. Sponji imepungua kwa zaidi ya nusu, na kinga imeongezeka.

Wapo watakaosema kujaza sanduku lote ni tahadhari, kwa kuwa mzigo waweza kuangukia upande wowote. Ni kweli kwamba kila upande unahitaji kinga, lakini kila upande una eneo lake la kukokotoa, na kujaza tu huondoa hesabu hiyo pande zote kwa pamoja. Wengine watauliza nani atakayeirusha mashine ya kilo 60. Hairushwi, na kimo cha kuanguka hupungua kadiri uzito unavyozidi. Lakini huponyoka mikononi mwa wapakuaji wawili, na huinuliwa ukingo mmoja kisha kuachiwa. Na atakayesema mzigo wake wa kwanza ulifika salama hajathibitisha lolote, maana huenda haukuanguka hata mara moja.

Basi anayetaka kujua kazi nzuri na afungue sanduku atazame. Vipande vyembamba na virefu hujikunja ubavu badala ya kubonyea. Upana wa kipande usipungue mara moja na theluthi ya unene wake. Baada ya jaribio la anguko, atoe kipande akiangalie: polistirini nyeupe hubaki na shimo la mguu wa mashine, na shimo hilo ni unene uliokwisha kutumika, usiokuwepo tena kwa anguko la pili. Polietilini hurudi karibu yote. Apime pia unene wa sponji iliyokaa ghalani miezi kadhaa chini ya mzigo, hasa penye joto, kwa kuwa hunywea kidogo kidogo. Mwisho atazame nafasi tupu kati ya vipande. Kama aliyefungasha anaweza kusema kwa nini kila nafasi iko pale ilipo, na kila sentimita ya sponji inabeba gramu ngapi, hiyo ni kazi ya fundi.