Kongamato, ndege asiye ndege

Kusini ya kwetu Kamina, kwa Bakaonde wanaokaa pande mbili za mpaka wa Kongo na Zambia, wazee walisimulia habari za Kongamato. Jina hilo ni kama kusema mpindua mitumbwi. Wanamwita ndege, lakini hana manyoya: mabawa yake ni ngozi tupu kama ya popo, na mdomo wake una meno. Hukaa katika mabwawa kama yale ya Jiundu. Akikasirika, mto hujaa ghafula na mtumbwi hupinduka.

Habari hizo ziliandikwa na Mwingereza Frank Melland, aliyekuwa hakimu wa serikali huko, katika kitabu chake In Witch-Bound Africa cha mwaka 1923. Kwa kazi hiyo tunamshukuru. Lakini aliwaonyesha watu picha ya mnyama wa kale mwenye mabawa, aliyekwisha toweka duniani mamilioni ya miaka, nao wakasema, Ndiye! Tangu hapo wageni wanamtafuta mnyama huyo bwawani. (Mimi pia, nikimwonyesha mtoto wa katekisimu picha na kumwuliza, Siyo huyu? ataitikia ndiye.)

Neno kubwa limo katika kitabu kilekile, na wengi wanalipita mbio: ile dawa. Kabla ya kuvuka, watu walinyunyiza dawa ya Kongamato juu ya maji. Hawakuchukua mikuki! Basi hii si habari ya wawindaji. Ni habari ya mtu mwenye mguu mmoja ndani ya mtumbwi, asiyejua kama atafika ng'ambo. Padri Placide Tempels, aliyefanya utume katika nchi ya Baluba, alitufundisha katika kitabu chake cha 1945 juu ya filosofia ya Kibantu kwamba tuyaelewe kwanza mawazo ya watu. Melland aliuliza Kongamato anafananaje. Hakukaza kuuliza yule mvukaji anamtegemea nani.

Swali hilo ni letu pia. Mzee mmoja aliniuliza, Mwalimu, maji ya baraka na maji ya dawa yanaachana wapi? Nilimjibu haraka kwamba dawa ni ushenzi. Jibu baya. Ilinipasa kumwambia kwamba dawa inataka kuulazimisha mto, lakini maji ya baraka yanamkumbusha mtu ubatizo wake, kwamba yu mikononi mwa Kristu hata mtumbwi ukipinduka. Nilipoyawaza hayo, mzee alikuwa amekwisha kwenda zake.