Kula na Kura si Neno Moja

Wanaojifunza Kiingereza huteswa sana na maandishi yake. "There" na "their" hutamkwa sawasawa, bali huandikwa mbalimbali, na mwenye kusikia tu hajui aandike lipi. Kiswahili chetu hakina taabu hiyo, kwa kuwa huandikwa kama kinavyotamkwa. Lakini papo hapo pana mtego: ulimi ukikosea, kalamu huufuata.

Huku Beni na Butembo wengi hujifunza Kiswahili baada ya lugha ya mama. Twasikia "batu" mahali pa "watu", na "abari" mahali pa "habari". Sisi hatuoni sababu ya kumtia mtu haya kwa hayo. Kila mji una desturi yake ya kusema, na anayesikia aelewa.

Yapo lakini makosa ya namna nyingine, yaani yale yanayogeuza maana. Angalieni L na R. Kalamu ni ya kuandikia, karamu ni ya kuwalisha wageni. Mahali ni pa kukaa, mahari hupelekwa kwa wakwe. Kula ni kazi ya kinywa, kura ni haki ya raia. Mwezi wa Desemba 2018 uchaguzi wa Beni na Butembo uliahirishwa hadi Machi 2019, na sehemu nyingine za nchi zikamchagua Rais bila sisi. Mtu akiandika kwamba alinyimwa "kula", msomaji wa mbali atamhurumia kwa njaa, wala hatajua ni haki gani iliyopotea.

Jambo hili ni zito zaidi penye ugonjwa. Ebola iliyotangazwa kwetu Agosti 2018, ikaisha Juni 2020, iliua watu 2,287. "Aliyeambukizwa" ni mgonjwa wa kuhurumiwa. "Aliyeambukiza" ndiye aliyewapa wengine ugonjwa. Mwandishi akisahau herufi W moja tu, mjane anageuka mshtakiwa mbele ya jirani zake. Vivyo hivyo chanjo hupewa mtu mzima ili asiugue, na dawa ya kutibu hupewa mgonjwa. Tangazo likiyaita yote mawili "dawa", aliyemgusa mgonjwa atauliza, "Mimi siumwi, mwanitibu nini?" Swali lake ni la haki. Kosa ni la aliyeandika.

Basi shauri letu kwa makatibu wa parokia, walimu na wote wanaobandika matangazo ni hili. Msitafute maneno makubwa ya kupamba karatasi. Kabla ya kuibandika, msomeeni kwa sauti mama mzee asiyejua kusoma, kisha mwombeni awaeleze kwa maneno yake alichosikia. Akisema jambo jingine, msimrudie kwa sauti kubwa zaidi. Irekebisheni karatasi.