Jengo Husomwa Kuanzia Juu

Anayenunua fleti Dar es Salaam huanza kwa kufungua bomba la jikoni, akachungulia dirishani kuona kama upepo wa bahari unafika, kisha akamuuliza dalali habari za maegesho. Mkaguzi mzuri wa majengo huomba kwanza ufunguo wa mlango wa paa. Ana sababu. Maji huanza safari yake juu, na mtu anayenunua fleti ya ghorofa ya tatu ananunua pamoja nayo kipande cha paa, cha ngazi, cha msingi na cha shimo la lifti, kwa kuwa chini ya sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, vitu hivyo ni mali ya pamoja ya wenye fleti wote. Marumaru za jikoni zikichakaa, mwenyewe atazibadilisha kwa wakati wake. Paa likioza, watachanga wote, pamoja na yule aliyehamia juzi.

Nimeipenda kazi hii kwa kumfuata mhandisi mmoja, mwanamke mtulivu anayekagua maghorofa ya Upanga, Kisutu na Kariakoo, mengi yakiwa yamejengwa kabla hajazaliwa. Vifaa vyake vinaenea kwenye mkoba wa begani: tochi, nyundo ndogo, timazi, tepu, penseli na kipima unyevu. Uwezo wake mkubwa ni kukaa mahali pamoja muda mrefu bila kusema lolote.

Juu ya paa huhesabu simtanki. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano zilizokaa mahali pamoja usiku na mchana. Mara nyingi mchoro wa jengo ulikuwa na matangi machache yaliyopangiwa mahali pake. Mgawo wa maji ulipoanza kuwatesa watu, kila mwenye fleti akapandisha la kwake na kulitua palipokuwa na nafasi. Mhandisi huyu hupima kwa tepu kutoka ukingo wa paa hadi kila tangi, akachora kwenye daftari, halafu anaposhuka analinganisha mchoro wake na mistari ya nguzo za chini. Tangi lililokaa juu ya nguzo au juu ya mhimili halimsumbui. Lililo katikati ya slabu, mbali na chochote cha kulibeba, huzungushiwa duara. Kazi hiyo inachosha, jua la saa sita likiwa kichwani, na hakuna dalali anayeisubiri kwa furaha, lakini sijamwona akiiruka.

Kisha huinama kutafuta njia ya maji. Paa la zege linaonekana tambarare, ila linapaswa kuwa na mteremko mdogo kuelekea kwenye midomo ya kutolea maji. Duara la vumbi lililokauka linaonyesha maji yalikosimama baada ya mvua ya mwisho. Mche uliojiotea kwenye ukingo unaonyesha kwamba mizizi imeshapata ufa wenye unyevu. Wauzaji hupenda kuonyesha fleti mwezi wa Agosti, kukiwa kukavu na rangi ikiwa mpya. Yeye hupenda kuja Aprili, masika ikiwa imekolea. Asipopata nafasi hiyo, huenda kwenye dari la ghorofa ya juu kabisa na kutafuta kiraka cha rangi nyeupe kuliko rangi iliyokizunguka. Huwa hamuulizi mwenye nyumba kwa nini kiraka kile kipo. Hukigusa kwa kipima unyevu, akaandika namba, akasogea hatua mbili, akapima tena, mpaka apate mahali pakavu pa kulinganishia. Namba moja peke yake haimtoshi.

Kwenye roshani ndipo nilipoelewa kwamba kazi hii inahitaji mtu anayejua jinsi jengo lilivyozaliwa. Roshani iliyochomoza nje bila nguzo huvutwa upande wa juu, pale inaposhikana na jengo. Kwa hiyo nondo zake kuu lazima zilazwe karibu na uso wa juu wa zege. Siku ya kumwaga zege, vibarua wenye ndoo na toroli hupita juu ya nondo hizo, na kama hakuna msimamizi mkali, nondo hukanyagwa zikashuka chini. Zege likishakauka, hakuna anayeona kosa hilo. Roshani itakaa miaka mingi, watu wakianika nguo na kunywa chai. Mhandisi hupiga magoti kwenye kizingiti, akafagia vumbi kwa kiganja na kutafuta ufa mwembamba unaofuata ukuta. Anajua kwamba ufa wa juu pale mlangoni una uzito kuliko plasta yote iliyobanduka chini ya roshani, ingawa hiyo ya chini ndiyo inayomtisha mpita njia.

Plasta iliyobanduka nayo ina habari yake, na katika mji wa pwani habari hiyo ni nzito. Nondo iliyozamishwa ndani ya zege zuri haishiki kutu, kwa sababu saruji huizungushia hali ya alkali inayoilinda. Ulinzi huo una maadui wawili. Hewa ya kaboni dayoksaidi hupenya taratibu, mwaka baada ya mwaka, ikiipunguza alkali kutoka nje kwenda ndani. Chumvi ya bahari huja na upepo, au huja siku ya kwanza ndani ya mchanga ambao haukupaswa kutumika, nayo hutoboa ulinzi ule hata kama alkali bado ipo. Kutu ikishaanza, inahitaji zaidi ya mara mbili ya nafasi ya chuma kilicholiwa. Zege haliwezi kunyumbuka kuipisha. Linapasuka kwa mstari ulionyooka unaofuata nondo, kisha linajitenga na kutokeza uwazi usioonekana.

Uwazi huo yeye husikia. Hupita chini ya mhimili akigonga kidogo kidogo kwa nyundo, kichwa amekiinamisha, kama mama anayechagua fenesi sokoni. Zege zima hujibu kwa mlio mkavu, mfupi. Lililojitenga hutoa sauti pana, ya kubonyea. Huweka alama ya penseli pale mlio unapobadilika, na baada ya dakika chache umbo la ugonjwa huwa limechorwa kwenye dari, ingawa rangi bado inang'aa. Palipo na shaka, na wenye jengo wakiridhia, hutoboa kitundu na kupuliza maji ya fenoftalini. Zege ambalo bado lina alkali hugeuka waridi mara moja. Lililopoteza hubaki na rangi yake ya kijivu. Anapima kina cha hiyo kijivu kwa milimita na kukilinganisha na kina cha nondo. Ikiwa kijivu imeshaifikia nondo, kutu imefunguliwa mlango.

Kuna pia nyundo ya Schmidt, iliyobuniwa na mhandisi wa Uswisi, ambayo hudunda juu ya zege na kutoa namba inayokisia ugumu wake. Wengi huishangilia kwa sababu inatoa namba haraka. Yeye huitumia kwa hadhari, kwani hewa ileile ya kaboni inayoondoa ulinzi wa nondo huufanya uso wa zege kuwa mgumu zaidi, na nyundo hutoa namba ya kupendeza juu ya nguzo inayougua. Namheshimu sana mtu anayejua chombo chake kinadanganya wapi.

Nyufa ndizo zinazowatisha wanunuzi, na hapo subira yake hufaa kuliko popote. Ufa ulionyooka kati ya nguzo ya zege na ukuta wa tofali kwa kawaida ni ishara ya vitu viwili vinavyopanuka tofauti kwa joto, naye huupita. Nyufa nyembamba kama utando juu ya plasta ni plasta iliyokaushwa haraka, nazo huzipita. Ufa unaopanda ngazi kwa ngazi kwenye viungo vya tofali, au unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha, humsimamisha. Hutazama upande gani ni mpana, kwa kuwa hapo ndipo pameachana zaidi. Hupanda ghorofa inayofuata kuona kama ufa unaendelea. Huchunguza kama ndani yake mna rangi ya zamani na vumbi, au kama kingo bado ni kali na safi. Kisha hubandika kipande chembamba cha kioo juu yake kwa plasta na kuandika tarehe. Kioo kikivunjika, jengo bado linatembea. Njia hii inataka kungoja, na mnunuzi aliyeahidiwa kwamba bei ni ya wiki hii tu huona anacheleweshwa. Kwangu, huku kungoja ndio moyo wa ufundi wenyewe.

Chini kwenye maduka na maegesho husoma nguzo moja moja. Dar es Salaam haiwezi kusahau Ijumaa Kuu ya 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka na kuua watu 36. Wala 16 Novemba 2024, ghorofa ya maduka ilipoanguka Kariakoo ikiwa na watu ndani, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza majengo ya eneo hilo yakaguliwe. Kwa hiyo kwenye kibali cha ujenzi yeye hutafuta kwanza idadi ya ghorofa, halafu hutoka barabarani na kuhesabu kwa macho yake. Hutafuta nguzo iliyochimbwa kupitisha bomba la maji taka na ukuta ulioondolewa kupanua duka. Hutazama pia rangi ya nguzo za juu: zikiwa changa kuliko za chini, anauliza.

Na huuliza watu, kwa adabu inayofungua midomo, kama alivyomuuliza mlinzi mmoja mzee.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Maji yanapanda mpaka juu?"

"Yanapanda usiku. Mchana pampu inazimwa, maana kina mama wa ghorofa ya kwanza wanalalamika ukuta unatetemeka."

Alimshukuru mlinzi yule, akaenda moja kwa moja kwenye chumba cha pampu, akakuta boliti za kuishikilia zimelegea sakafuni. Hakuna karatasi iliyokuwa na habari hiyo. Kuhusu karatasi, hutaka daftari la matengenezo ya lifti, kumbukumbu za vikao vya wamiliki na orodha ya wasiolipa michango, kwa sababu jengo lenye mfuko mtupu litavuja hata kama leo ni kavu.

Ripoti yake nimeisoma mara nyingi kwa raha ya lugha. Kila sentensi inasema alichokiona, mahali alipokiona, na alichoshindwa kukiona: "Dari la bafu limefungwa kwa bodi, mabomba ya juu yake hayakukaguliwa." Haandiki kwamba jengo ni zima wala bovu. Mnunuzi mmoja alimsihi amwambie neno moja tu, anunue au asinunue. Alimfungulia ukurasa wa roshani, akamwonyesha picha ya ufa na kipimo chake, akamwambia wenye jengo wanatakiwa kuifunga roshani ile mtu asikanyage, kuitegemeza kwa magogo na kuita mkandarasi aliyesajiliwa kabla ya masika. Wakikubali kwa maandishi na kuweka fedha, bei inazungumzika. Mnunuzi akaomba nakala ya ukurasa ule na namba ya katibu wa wamiliki.