Kufu ya Sauti

Neno kuoanisha limezaliwa na kuoa, wala sijaona kazi ya mikono inayolistahiki neno hilo kuliko ile ya kuitafutia amplifaya ya gita kasha la spika linaloifaa. Wazee wa pwani, mtu alipokwenda kuposa, waliuliza kwanza habari ya kufu: je, huyu na yule waweza kukaa nyumba moja pasipo mmoja kumwelemea mwenziwe? Swali lilo hilo fundi wa vyombo vya muziki hujiuliza anapoliinamia kasha la spika kabla hajawasha kitu, naye hulijibu kwa hesabu.

Valvu ya kutoa nguvu, kama vile EL34 iliyomo katika amplifaya nyingi za Marshall au 6L6 iliyomo katika nyingi za Fender, ni tajiri wa volti na maskini wa mkondo, hivyo hupenda kufanya kazi mbele ya ukinzani wa maelfu ya omu. Ilhali spika, ambayo koili yake ni waya mfupi uliozungushwa mara chache ndani ya sumaku, hutaka mkondo mwingi kwa volti kidogo, na hesabu yake ni omu 4, 8 au 16 tu. Ukiwakutanisha wawili hawa uso kwa uso hawatasikilizana hata kidogo. Sharti awepo mshenga anayejua kusema na kila upande kwa lugha yake, na mshenga huyo ni transfoma. Ana waya wa pande mbili uliosukwa juu ya chuma kimoja, na siri yake ni kwamba wingi wa mizunguko hauongezi ukinzani kwa kadiri yake, bali kwa kadiri hiyo ikizidishwa kwa nafsi yake: mizunguko ya upande wa valvu ikiwa mara 20 ya ile ya upande wa spika, basi spika ya omu 16 huonekana machoni pa valvu kuwa omu 6,400, maana 20 mara 20 ni 400, na 400 mara 16 ndiyo jumla hiyo. Weka spika ya omu 4 mahali pale pale, na valvu itaona 1,600 tu, izidiwe na mkondo, ipate moto, na umri wake upungue. Ili spika hiyo ndogo nayo ionekane kuwa 6,400, mizunguko haina budi kuwa mara 40. Ndiyo sababu transfoma njema hutolewa nyaya kadhaa upande wa spika, kila mmoja na kufu yake, na nyuma ya amplifaya huwekwa swichi ya kuchagulia.

Leo Fender, kule California, katika Bassman yake ya mwishoni mwa miaka ya 1950, alifunga spika nne za inchi 10, kila moja ya omu 8, zote sambamba, zikawa omu 2 kwa jumla. Jim Marshall na wenzake walipoanza kazi yao London mwaka 1962 waliufuata mchoro wa amplifaya iyo hiyo karibu mstari kwa mstari, lakini spika wakazitia katika kasha la peke yake, nne za Celestion za inchi 12, na makasha ya namna hiyo yakaja kujulikana kwa omu 16. Mama ni mmoja, watoto wamepishana mara nane! Mpiga gita anayedhani kwamba ujamaa wa michoro watosha kuwa dhamana, akalichukua kasha la huku na kulifunga kwa amplifaya ya kule, hana taksiri ya ubaya wa moyo, ila amewaoza watu bila ya kuuliza.

Nalimshuhudia fundi mmoja mzee, katika karakana finyu ya Dar es Salaam, akiletewa kasha la spika nne na kijana mpiga solo wa bendi ya dansi, ambaye alilalamika kwamba sauti imekonda. Mzee hakugusa amplifaya. Alizifungua nyaya zote, akaipima spika moja moja kwa mita, na sindano ikasimama kwenye 12, tena 12, tena 13, tena 12.

"Fundi, zimeandikwa 16. Zimeungua?"

"Hazijaungua, mwanangu. Mita hupima waya umelala. Hizo 16 ni za waya ukiimba."

Kisha akachukua betri ya tochi, volti moja na nusu, akagusisha upande wa chanya kwenye ncha yenye alama nyekundu, akainama hata shavu lake likakaribia kugusa koni. Koni ya kwanza ilisogea mbele kiasi cha unene wa ukucha. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ilirudi nyuma. Alirudia mara mbili kwa insafu, asije akaituhumu bure, halafu akaandika kwa chaki juu ya ubao: spika hiyo imefungwa kinyume, wenzake wakisukuma hewa yeye aivuta, na besi nyingi huliwa humo humo ndani ya kasha. Baada ya hapo akalehemu mbili mbili kwa mfuatano, 16 na 16 zikawa 32, kisha akaziunga jozi mbili hizo sambamba, zikarudi 16. Saa nzima ilipita pasipo noti moja kupigwa.

Jibu lile la waya kulala na kuimba lina ilimu ndani yake. Mwaka 1886 Mwingereza Oliver Heaviside alibuni neno impidansi kwa sababu ukinzani wa kawaida haukutosha kueleza mambo ya umeme unaokwenda na kurudi, nayo spika ni kielelezo chake kilicho bora. Omu 8 zilizoandikwa mgongoni mwake ni lakabu tu. Spika nyingi za gita za inchi 12 zina mahali, karibu na mitetemo 75 kwa nukta, ambapo koni hutikisika kwa hiari yake, na hapo impidansi hupanda mara kadhaa ya lakabu ile. Kisha hushuka, na katika sauti nyembamba hupanda tena. Uzi mnene wa gita, ukiwa wazi, hutetema mara 82 kwa nukta, yaani jirani kabisa na mahali pale, na amplifaya ya valvu, ambayo haimshiki mwenziwe kwa nguvu, humwachia spika ajikunjue hapo. Unene ule wa sauti ambao wapigaji huusifu bila kujua utokako, mimi nauhesabu kuwa tunda la ndoa hii, wala si la valvu peke yake wala la spika peke yake.

Fauka ya hayo, hakuna kanuni moja kwa vyombo vyote. Amplifaya ya transista aghalabu haina mshenga, na haidhuriki kwa kukosa spika. Hofu yake ni spika kuzidi. Inayotoa volti 20 hutoa ampea 2.5 kwa omu 8, ampea 5 kwa omu 4, na kwa omu 2 hudaiwa ampea 10 isizokuwa nazo, ikaungua. Ya valvu, kinyume chake, huogopa upweke. Ikipigwa kwa nguvu bila ya spika, volti ndani ya transfoma hupanda hata zikaruka cheche na kutoboa waya. Fender walilijua hilo, wakaifanya tundu ya spika katika amplifaya zao nyingi ijifunge yenyewe inapokuwa tupu, maana kwa valvu ni heri njia fupi kuliko pasipo njia.

Transfoma ikiungua haipatikani dukani kama betri. Hupelekwa kwa fundi wa kusuka, na katika bendi zetu, ambako mara nyingi vyombo ni mali ya mwenye bendi, mpigaji hukaa siku nyingi bila ya jukwaa. Kwa hiyo, msomaji mpenzi, kabla hujawasha, ligeuze kasha usome kilichoandikwa nyuma yake, kisha uitazame swichi ya amplifaya, na waya wa kwanza kuuchomeka uwe ule wa spika, ule mnene, si wa gita.